Jemadari Aliyeingia Topeni

Wapendwa, niazimeni masikio. Zamani za wafalme na tembo wa vita, kule kusini mwa Bara Hindi, falme mbili ziligombea bonde moja la mpunga. Bonde lenyewe unalimaliza kwa miguu kabla jua halijawa kali, lakini damu iliyomwagika pale msiniulize. Ufalme wa kaskazini ulikuwa nalo, ukanyang'anywa na ule wa kusini, na aliyekuwa jemadari siku hiyo alikufa kwa aibu. Mwanawe akakua akinyooshewa kidole: yule pale, mtoto wa aliyetupotezea bonde.

Mtoto huyo naye akaja kuwa jemadari. Mfalme akamwita, akamwambia arudi na bonde au asirudi kabisa, naye akaapa mbele ya watu wote. Mnaiona hali yake? Mtu ana mke na watoto nyumbani, na hawezi kuwaona tena mpaka ashinde.

Akashuka na jeshi lake, akakuta jeshi la kusini limeshajipanga upande wa pili. Katikati, ndani ya majaruba, wanawake wameinama wanapandikiza mpunga wala hawana habari nao. Na pale palikuwa na desturi ambayo falme zote mbili ziliiheshimu kuliko zilivyowaheshimu wafalme wao: miche ikishang'olewa kitaluni, hakuna kupiga ngoma ya vita mpaka mche wa mwisho uingie topeni. Ninyi wakulima wa mpunga mnaelewa. Mche uliong'olewa haumngoji mtu amalize ugomvi wake.

Jemadari akavua viatu, akamfuata bibi aliyesimamia kazi, akamwamkia kwa adabu na kumuuliza watamaliza lini.

"Siku kumi na mbili, mwanangu," bibi akasema. "Mikono ni michache. Wanaume wetu mmewachukua ninyi, huku na kule, mkawapa ngao."

Siku kumi na mbili! Jemadari alikuwa na haraka ya vita kama mwenye njaa anavyosubiri chungu kishuke jikoni. Akawaza, akapata wazo lililomfurahisha sana: askari wake wakisaidia, kazi itaisha upesi, na wapigane mapema. Akaamuru mikuki iwekwe chini, nguo zikunjwe, watu waingie topeni. Naye akaingia, ili asionekane mvivu.

Jemadari wa kusini alipoona adui ameinama bondeni alishtuka. Akadhani wale wa kaskazini wanapanda ili kesho waseme shamba ni lao. Upesi naye akaingiza askari wake, waanzie upande wao.

Jamani, laiti mngekuwepo. Wanaume waliozoea kukabili tembo wakawa wanateleza na kukaa chini topeni mmoja baada ya mwingine. Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Bibi alikuwa akipita na kukagua, na mstari wa jemadari wetu ulipopinda, akaung'oa wote akamwambia arudie. Akarudia. Ukang'olewa tena. Mara ya tatu bibi akatazama, akapita bila kuung'oa, na jemadari akafurahi furaha ambayo hakuwa ameionja tangu ashike upanga. Siku ya pili majeshi yote yalikuwa yameshajua nyimbo za wale wanawake. Kaskazini wakianzisha, kusini wanaitikia. Siku ya tatu wakakutana katikati ya bonde, wakagawana tita la mwisho la miche.

Asubuhi ya nne desturi ilikuwa imetimizwa. Ngoma ikalia. Majeshi yakajipanga, na katikati bonde lilikuwa limesimama kijani kuanzia huku mpaka kule. Jemadari akanyanyua upanga kutoa ishara. Hakuna aliyesogea. Akageuka kwa hasira, na askari wake mmoja, pande la mtu, akamwambia kwa upole:

"Bwana mkubwa, ile mistari karibu na mfereji ni yangu. Nipite wapi?"

Jemadari alifungua kinywa amtukane, macho yake yakaangukia mstari wake mwenyewe. Ulikuwa umeshika. Mkono ukashuka. Ng'ambo, mwenzake naye alikuwa amesimama vilevile anajikuna kichwa. Mwisho wakaenda wote wawili, wakipita juu ya matuta kwa uangalifu, wakamuuliza bibi ni lini mtu ataruhusiwa kukanyaga pale.

"Mkishavuna," akasema.

Wakapiga kambi, wakangoja. Wakavuna pamoja, wakala pamoja, na walipogeuka kutafuta mahali pa kupigania, wanawake walikuwa wameshang'oa miche ya msimu mwingine.

Jemadari akajipa moyo, akarudi kwa mfalme wake na gunia la mchele. Mfalme akauliza kama bonde limetwaliwa.

"Bado, mtukufu," akajibu. "Kila nikitaka kulitwaa nakuta nimelipanda."

Nasikia mfalme alikula wali ule, akaomba wa kuongeza.

Na sisi je? Kile kipande cha ardhi kati yetu na wenzetu wa kanisa la ng'ambo ya korongo, mwaka wa sita huu tuko mahakamani. Tumefunga, tumekesha, tumemwomba Mungu atupe ushindi. Ni nani kati yetu amewahi kuinama pale akapanda hata mchicha? Nani anamjua kwa jina mtu mmoja wa upande ule? Tunadai tunaipenda ardhi, na majani yake yanatufika kiunoni.

Jana nimeonana na mchungaji wao. Jumamosi saa moja asubuhi watakuwa pale na majembe, na mimi nimewaahidi kwamba na ninyi mtakuwepo. Wazee wa kanisa, naona mnavyonitazama. Njooni hivyo hivyo mlivyonuna. Hata yule jemadari aliingia topeni akitaka vita.