Nani Ampe Jina Mtoto wa Kalunde?

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana bibi yangu aliicheza ngoma ya harusi nitakayowasimulia mpaka kanga ikamdondoka, upande wa Unyanyembe aliishi binti aitwaye Kalunde. Alikuwa mwimbaji. Akiimba, hata wazee wa magoti mabovu walisimama kucheza. Mihayo, mrina asali, alimpenda Kalunde, na Kalunde alimpenda Mihayo. Sasa shida iko wapi? Sikilizeni.

Wazee walikuja kuposa. Wakauliza, "Kalunde, unamkubali Mihayo?" Kalunde akafungua mdomo, mara akatimua mbio, akajitumbukiza ndani ya kihenge cha mtama. Wakamtoa akiwa na mtama masikioni.

Wakaja tena. "Kalunde, unamkubali Mihayo?" Kalunde akavimba kama chura, akamgeukia shangazi wa Mihayo. "Unanitazama nini wewe? Pua kama mpini wa jembe!" Shangazi akazirai, au akajifanya kuzirai.

Wakaja mara ya tatu. "Kalunde, unamkubali Mihayo?" Kalunde akacheka. Akacheka mpaka akaanguka, akacheka akiwa chini, akacheka akibebwa kuingizwa ndani. Mbuzi wa posa wakarudishwa kwao.

Huko ndani ndiko alikolia, amemlalia begani rafiki yake Nyamizi. "Nampenda, ndugu yangu. Lakini nikitaka kusema ndiyo, ndani yangu mmoja anakimbia, mmoja anafoka, mmoja anacheka. Mimi mwenyewe sipati nafasi."

Ndugu zake wakaleta mganga. Mganga akasema, "Ni pepo huyu, namfukuza sasa hivi." Akafukiza moshi mwingi, ukampalia yeye mwenyewe, kofia yake ikaangukia kwenye makaa. Kalunde akacheka wiki nzima. Wakaleta mwingine, huyo akasema, "Akifoka mkemeeni. Akicheka mzibeni mdomo." Wakamtii. Kalunde akanyamaza kweli, na nyimbo nazo zikanyamaza. Harusi za mji ule zikawa kama matanga.

Hapo Nyamizi akajifunga kibwebwe. Akaenda kijiji hadi kijiji akiuliza, "Yuko wapi mganga asiyefukuza, anayezungumza na waliomo ndani ya mtu?"

Watu wakamcheka. "Ndani ya mtu kuna ugali tu!"

Akaendelea kuuliza. Miguu ikavimba, akauliza. Mwisho akamkuta mama mmoja mnene anabangua karanga mlangoni kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu, habari zako zimekutangulia. Unamtafuta mganga asiyefukuza? Ndiye mimi, Mama Shija. Rafiki yako wamo wangapi ndani?"

"Watatu, mama."

"Watatu tu? Mimi ninao saba, na mmoja anapenda karanga kupita kiasi. Twende."

Mama Shija akaketi na Kalunde. Hakuwa na moshi wala kengele. Akasema, "Mwanangu, fumba macho. Yule anayefoka, mpe salamu zangu. Muulize anamlinda nani."

Kalunde akafumba macho, akamuuliza. Kisha akasema, "Anamlinda yule anayekimbia. Ni mdogo, mama. Ni mimi siku ile mama yangu alipokwenda kuolewa mbali. Aliniambia, 'Nisubiri hapa.' Hakurudi."

"Na anayecheka?"

"Anacheka ili watu wasimwone mdogo akilia."

"Basi wote ni wafanyakazi wako! Washukuru. Kisha mwambie mdogo kwamba sasa upo wewe, mtu mzima, na wewe huendi popote."

Kalunde akamwambia. Akalia, akacheka, akalia tena, na katikati ya kilio akaanza kuimba.

Mihayo alikuwa amekaa nje ya mlango. Ndugu zake walikuwa wamemwambia, "Oa mwingine, huyu wamo wengi." Naye akawajibu, "Wamo wangapi? Nitawaoa wote!"

Wazee wakaja mara ya nne. "Kalunde, unamkubali Mihayo?"

"Subirini kidogo, niwaulize wenzangu." Kalunde akafumba macho, akafumbua. "Mdogo anasema ndiyo, lakini Mihayo akisafiri aage. Mkali anasema ndiyo, lakini shangazi akae kule. Mcheshi alishasema ndiyo zamani. Na mimi, Kalunde, nasema ndiyo!"

Vigelegele! Ngoma! Shangazi mwenyewe akacheza, tena akiwa kule kule alikowekwa.

Baada ya muda akazaliwa mtoto wa kike. Babu yake akatangaza, "Mtoto huyu atapewa jina na yule aliyemponya mama yake." Akadhani ni jambo jepesi.

Nyamizi akasimama. "Jina ni langu. Nani alichekwa vijiji vyote? Bila miguu yangu, Mama Shija angekuwa anabangua karanga mpaka leo."

Mama Shija akasimama. "Jina ni langu. Ulimleta mganga, vema. Waganga wengine nao waliletwa. Aliyewasalimu waliomo ni nani?"

Mihayo akasimama. "Jina ni langu. Kabla hajapona, kabla mganga hajapatikana, nilimpenda na mkali wake, na mwoga wake, na kicheko chake. Nani mwingine aliwakubali wote kabla ya kujua watafanya nini?"

Kalunde akasimama, mtoto kifuani. "Jina ni langu. Nyinyi nyote mlikuwa nje ya mlango wa moyo wangu. Mimi ndiye niliyeingia ndani nikamshika mdogo mkono. Mnajua nilivyoogopa?"

Babu akakuna kichwa. Akamtazama huyu, akamtazama yule. Mtoto akapiga chafya, wote wanne wakasema kwa pamoja, "Kua, mama!" Wakatazamana, wakaangua kicheko, na hakuna hata mmoja aliyekaa chini.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, mtoto bado hana jina. Nyamizi, Mama Shija, Mihayo, au Kalunde mwenyewe: je, nani alistahili kumpa?