Ngazi ya Ghorofa ya Tatu

Sogeeni mbele kidogo, jamani, wanaoingia nao wapate pa kukaa. Huko kwa kina mama mnanisikia? Haya. Kuna mtu mmoja ananisumbua akilini tangu Jumatatu, na leo sitaki nisumbuke peke yangu.

Palikuwa na mchora ramani za nyumba. Watu walimwita injinia, naye alishachoka kuwasahihisha. Ukimpa kiwanja kilichopinda vipi, atakutolea nyumba ndani yake, upepo utaingia, na jua la saa tisa halitakuchoma. Kipaji! Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja. Mteja akikunja uso tu, yeye anasema, "Hakuna taabu." Mteja anataka nguzo iondolewe? Hakuna taabu. Anataka roshani itokeze zaidi na chuma kipunguzwe? Hakuna taabu. Mnacheka. Mnamjua, siyo? Wengine mnaishi naye.

Basi roshani moja ikapasuka. Alhamdulillahi, hapakuwa na mtu juu yake. Ila kwenye kona ya ramani ile palikuwa na jina lake na muhuri wake, na tangu siku hiyo hapiti tena mtaa ule. Anazunguka mpaka sokoni ndipo arudi kwake. Mtu mzima, ana watoto, anakimbia nyumba!

Mwaka uliofuata akajiwa na haji mmoja, mfanyabiashara, anataka kujenga bweni la wanafunzi. Ghorofa mbili. Kiwanja chenyewe zamani kilikuwa bonde la mpunga, ukikikanyaga kinabonyea. Mchora ramani alikuwa na majibu ya vipimo vya udongo: mbili unabeba, tatu haubebi. Lakini haji kila wakikutana anatupia neno, "Na ya tatu je, injinia? Hata ndogo?" Yule bwana akaingiwa na hofu, na aliyemwogopa zaidi ni yeye mwenyewe. Alijua siku moja itamtoka ile "hakuna taabu" yake, na safari hii juu watalala watoto wa watu.

Akafanya nini? Hapa ndipo nilipompenda. Akaenda kutafuta mtu wa kumsemea. Kumbe kuna watu kazi yao ndiyo hiyo! Unamlipa, anakaa na mteja wako, anazungumza masharti ya mkataba kwa niaba yako. Nilipoambiwa nilishangaa, kisha nikajicheka. Kwani sisi tukienda kuposa tunafanyaje? Bwana harusi anajiposea mwenyewe? Anapeleka mshenga! Kwa sababu mwenye kupenda hawezi kupatana. Atasema ndiyo kwa kila atakaloambiwa, hata akiambiwa ang'oe jino.

Basi huyo mshenga wa mikataba alikuwa mama mmoja mfupi, sauti ya chini, anakunywa chai bila sukari. Mchora ramani alitarajia mtu wa kupiga meza. Mama akamuuliza:

"Mwanangu, ni jambo gani ambalo haji hata akilia machozi nisilikubali?"

"Ghorofa ya tatu, mama."

"Na mengine?"

"Mengine tunaweza kusikilizana. Hilo hapana. Pale watalala watoto."

"Vizuri. Basi siku hiyo njoo, ukae pembeni yangu, lakini usifungue kinywa. Haji akikuuliza, niangalie mimi. Utaweza?"

"Nitaweza," akasema. Na kweli aliweza.

Siku ikafika. Wakakaa watatu ofisini kwa haji, juu ya duka lake. Ikaletwa kahawa na haluwa. Mama akaanza polepole, sharti baada ya sharti. Ramani isibadilishwe bila sahihi ya mchoraji. Haji akakubali. Zege la msingi lisimwagwe mpaka mchoraji aje kukagua. Haji akaguna, akakubali. Kisha akaweka kikombe chini, akatabasamu.

"Na ya tatu, mama?"

"Hapana, haji."

"Ndogo tu. Vyumba vinne."

"Hata kimoja."

"Nguzo tutazinenepesha."

"Udongo haunenepi, haji."

Mmeisikia hapana hiyo? Mama anaitoa kwa upole kama anakukaribisha chai! Wakaenda hivyo robo saa nzima, haji anavuta huku, mama hasogei. Na mchora ramani? Kimya. Midomo kaifunga mpaka imepauka.

Mara haji akaacha kubishana. Akawa anatazama mezani, upande wa mchora ramani. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka kofia ikamwendea upande.

"Mama," akasema, "wewe unanikatalia nini? Mwenyewe ameshaichora!"

Mama akageuka. Kwenye karatasi iliyofungiwa haluwa, kwa penseli, safi kabisa, pana ghorofa ya tatu. Vyumba vinne, madirisha mahali pake. Na ngazi inapanda, inageuka, inafika juu.

"Mwanangu, nini hiki?"

"Mama, mimi sikusema kitu," akajibu. "Nilitaka kuona tu ngazi ingegeukia wapi."

Subhanallah! Hapo ndipo nilipokwama tangu Jumatatu. Kwa sababu yule bwana hakusema uongo. Hana nia ya kuijenga. Alitaka kuona tu. Haji alipotaja vyumba vinne, mkono ukajiuliza, vitakaaje? Basi, ukaanza kujibu. Si ndiyo kazi yake miaka ishirini? Kinywa amekifunga, mshenga amemlipa, lakini mkono ukatoka mlango wa nyuma, ukaenda kupatana na haji peke yake. Na mwenye mkono hana habari!

Mama hakumgombeza. Alifunga faili lake, akamwambia, "Hapana niliyokuja nayo nimeitoa mpaka imekwisha, nayo ilikuwa ya kuazimwa. Iliyobaki ni yako. Unayo?"

Haji naye kaacha kucheka, anangoja. Mchora ramani akaitazama ngazi yake. Nzuri! Pengine nzuri kuliko zote alizowahi kuchora. Akawaona watoto wanaipanda na mabegi yao, wanakwenda kulala juu ya bonde la mpunga. Akaichana karatasi. Akaichana tena, vipande akavitia mfukoni.

"Mbili, haji," akasema. "Ukitaka tatu, tafuta mtu mwingine." Ndiyo kwanza anamkatalia mteja tangu aanze kazi.

Haji akauvuta mkataba. "Basi mbili. Kwani mtu hata kujaribu asijaribu?" Akatia sahihi.

Haya, tumwache aende zake. Tuje kwetu sisi.

Sisi tunaye Wakili, naye si wa kukodi. Kila siku tunamwambia, ya Rabbi, jambo langu nimekukabidhi Wewe, niepushe na hili. Tunasema kwa kinywa, na machozi yanatutoka, na si ya uongo. Lakini mkono je? Kuna ndugu hapa amegombana na kaka yake kwa ajili ya nyumba ya urithi. Anaomba dua wapatane. Akimaliza anachukua simu, anaandika ujumbe wa matusi, mrefu, umepangika vizuri. Ukimuuliza atakwambia, "Sijautuma, sheikh. Nimeuandika tu." Kuna kijana anaomba aepushwe na machafu, na kidole gumba kinapandisha picha, picha, picha. "Naangalia tu." Na msidhani nawasema nyinyi peke yenu. Daktari amenikataza sukari, mimi hapa. Namwomba Mwenyezi Mungu shifaa kila alfajiri. Juzi mke wangu kanikuta na sahani ya haluwa. Nikamwambia nini? "Naonja tu."

Kisha tunauliza, mbona naomba na sibadiliki? Mbona jambo lile lile linarudi? Ndugu yangu, pengine Ibilisi amekaa ng'ambo ya meza, kofia imemwendea upande kwa kucheka, anakwambia, "Unakataa nini? Mwenyewe umeshaichora."

Sasa tutaomba dua. Ngojeni, msinyanyue mikono bado. Kwanza kila mtu aitazame yake. Wewe pale nyuma, na wewe, na mimi. Imeshika nini? Kiwekeni chini.

Haya. Sasa inyanyueni.