Aisii Isiyosahau Kwao

"Aisii ya kuazima haisahau kwao." Mmewasikia mafundi wakitupiana maneno hayo, mkaniuliza yametoka wapi. Basi, methali hii ilianza hivi.

Tunu na kaka yake Hemedi walikuwa mafundi redio pale Muheza. Shangazi yao, Bi Mwanashamba, alipopofuka, aliwaomba kitu kimoja tu: mashine ya kuzungusha sauti chumbani, ili sinema aisikie kama aliyeketi ndani yake. Mashine ni sanduku na spika, lakini akili yake ni aisii, kidude kidogo kama kunguni, kinachoamua sauti ipi itokee wapi.

Aisii mpya huja tupu, hufundishwa kila kitu. Hemedi hakuwa na subira hiyo. Alikuwa na nyingine, aliyoiazima kwa kuing'oa kwenye mashine ya marehemu mmoja wa Tanga.

"Hii tayari inajua kazi."

"Inajua kazi ya nani?" Tunu akauliza.

"Dada, wewe utauliza hata kijiko kimemlisha nani!"



Waliifunga alasiri, ghorofani kwa shangazi, katika chumba ambacho roshani yake haikuwa na kizuizi bado. Sinema ikaanza. Sauti zikakipita kiti cha shangazi, zikaenda kukusanyika mlangoni pa roshani, kama wageni waliomzunguka mwenyeji. Pale hapakuwa na mtu.

"Kuna watu pale," shangazi alisema, akainuka.

Mwanamke wa kwenye sinema akasema taratibu, "Njoo, mwenzangu. Njoo ukae."

"Nakuja," shangazi akaitika.

Mlango ulikuwa wazi. Tunu aliruka, akamdaka kanga. Mguu mmoja wa shangazi ulikuwa tayari hewani.

Hemedi akachomoa waya. "Sikuifuta. Marehemu aliifundisha ipeleke sauti kwenye kiti chake, kule kwao. Bado inampelekea sauti."

Masika yote wakaifundisha aisii mpya, ile tupu, shangazi akiwa kitini, wao wakipiga makofi kila pembe ya chumba, mpaka sauti zikamjia yeye. Alicheka. Kisha akageuza uso kuelekea roshani.

"Na yule wa pale, sasa anasikilizia wapi?"

Tunu ndiye aliyejibu, polepole:

"Kwao, shangazi. Aisii ya kuazima haisahau kwao."