Mwangwi Uliotaja Mlango

Hapo zamani, zamani ya juzi juzi ambayo tope lake halijakauka viatuni, mwanamke alisimama jikoni akiulaumu mfuko wa sombe.

"Shemeji, hii imesagwa na mashine," alisema Mapendo. "Jani la muhogo halisagwi. Linatwangwa mpaka lilie."

"Basi nikuletee kinu," akasema Wilondja.

"Nitwangie wapi, na Bi Dorothea analala juu yetu? Atadhani vita vimeanza."

Wakacheka. Wilondja akavaa koti. Akamwambia, kama alivyomwambia kila siku, asimfungulie mtu mlango na asipokee simu, hata akiwa ni yeye anayepiga. Mapendo akaitikia bila kugeuka, kwa maana alikuwa anatafuta chumvi. Hilo ndilo jambo la mwisho la kawaida lililotokea katika nyumba ile.

Mji wenyewe ulikuwa kaskazini mwa Marekani, kando ya ziwa, mahali ambapo theluji hukaa miezi mitano. Watu wake wengi walipigia kura upande mmoja tangu enzi za babu zao, na mbele ya nyumba walichomeka vibao vya kusema kila mtu karibu. Lakini serikali kuu ilikuwa ya upande wa pili, na majira yale ilituma maafisa wa uhamiaji waliofunika nyuso. Walichukua watu kituo cha basi, walichukua watu mlangoni pa shule, walichukua watu kwenye foleni ya duka la dawa. Mji ukapasuka. Wengi waliandamana kila Jumamosi katika uwanja wa mahakama kuwapinga. Wachache walisimama ng'ambo ya barabara na bendera kuwaunga mkono.

Wilondja alikuwa na uraia. Alitoka Fizi, katika milima ya juu ya Ziwa Tanganyika, akasoma, na sasa alipima maji katika maabara ya mji. Mapendo hakuwa na uraia. Alikuja kwa kibali cha miezi sita kumuuguza dada yake Faila, mke wa Wilondja. Faila alichukua miezi kumi na moja kufa. Kibali kilikwisha, mgonjwa hakwisha, na nani angemwacha? Siku ya mwisho Faila alimshika mume wake kifundo cha mkono akasema, "Mdogo wangu usimwachie mtu." Wilondja akasema, "Simwachii mtu." Tangu maafisa waingie mjini, Mapendo hakuwa amevuka kizingiti kwa siku kumi na tisa.

Aliyejua siri hiyo mbali na Wilondja alikuwa mmoja tu, Bi Dorothea Lindqvist, mwenye nyumba, mwalimu mstaafu aliyeishi ghorofa ya juu. Alishuka kila jioni na bakuli la supu isiyo na pilipili. Mapendo aliinywa yote, akashukuru, kisha akala chakula.

Jumamosi ile Bi Dorothea aliombwa kuzungumza uwanjani. Njia zilikuwa barafu tupu, akamwomba Wilondja amshike mkono. Ndiyo maana Wilondja alikuwepo.

Sasa sikilizeni desturi ya uwanja ule, kwa sababu kila kitu kimening'inia hapo. Halmashauri ilikuwa imepiga marufuku vipaza sauti mbele ya mahakama. Waandamanaji wakatumia vinywa vyao. Mzungumzaji alipanda juu ya kreti, akasema maneno machache, akanyamaza. Safu za mbele zikayarudia kwa pamoja. Safu za kati zikayarudia. Safu za nyuma zikayarudia. Waliuita mwangwi. Watu wa ng'ambo waliuita jina jingine.

"Kasuku!" walipiga kelele. "Leo nani amewaletea karanga?"

Aliyeusimamia mwangwi alikuwa Renata Boykin, dereva wa basi, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha gereji. Wiki mbili kabla, umati ulikaribia kupigana. Mzungumzaji mmoja alisema jambo ambalo nusu yao hawakulipenda, wakakataa kulirudia; nusu nyingine ikawaita wasaliti; mabango yakageuka fimbo. Kwa hiyo Renata akatunga sheria.

"Tunarudia kila neno," alisema. "Ukilipenda, rudia. Usipolipenda, rudia. Tukianza kuchagua, tumegawanyika. Ukiona hatari, moto, mtu ameanguka, pishanisha mikono juu ya kichwa, hivi, na mwangwi utakatika hapo hapo."

Watu wote wakajaribu kupishanisha mikono. Wilondja naye alijaribu. Alisimama safu ya tatu.

Bi Dorothea akapanda kreti.

"Mimi ni mwalimu," alisema.

"Mimi ni mwalimu," wakasema mbele. Mimi ni mwalimu, wakasema kati. Mimi ni mwalimu, wakasema nyuma.

"Nina miaka sabini na minne."

Wakarudia, wakampigia makofi kwa miaka yake.

"Nyumbani kwangu," akasema, "chini ya sakafu yangu, yupo mwanamke."

Wilondja alikuwa ameshatamka "chini ya sakafu yangu" pamoja na wenzake kabla maneno hayajamfika akilini. Yalipofika, aliacha kurudia. Walio kushoto na kulia kwake waliendelea.

"Amemuuguza dada yake mpaka kaburini."

Wakarudia.

"Hajaona jua siku kumi na tisa."

Wakarudia. Wanawake wawili mbele yake walikuwa wanalia, na walirudia huku wanalia. Wilondja akatazama ng'ambo ya barabara. Bendera zilikuwa zimetulia. Kasuku hawakutajwa tena. Watu wa kule walikuwa wanasikiliza.

Mikono yake ilikuwa ndani ya mifuko ya koti. Aliijua alama. Kazi ilikuwa kuitoa na kuiinua. Lakini utotoni kwao, askari walipokusanya watu uwanjani, aliyeinua mkono ndiye aliyechaguliwa, na aliyechaguliwa hakurudi. Akili yake ilisema, hapa si Fizi. Mikono haikusikia. Tena aliwaza: nikiinua, wote watageuka wanione, wataona mwanamke huyo ni wa nani. Aliwaza: amemaliza, sasa atashuka.

Bi Dorothea hakushuka.

"Nikirudi Mtaa wa Kestrel," alisema, "nikiuona mlango wangu wa buluu, naona haya kuwa huru."

Mtaa wa Kestrel, wakasema mbele.

Wilondja akageuka, akaanza kupenya umati. Hakukimbia, kwa sababu mtu mweusi anayekimbia mbele ya mahakama hufuatwa. Alisema samahani, samahani. Alipofika safu za kati, nazo zilikuwa zinasema Mtaa wa Kestrel, mlango wangu wa buluu. Maneno yakampita. Alipofika safu za nyuma, yalikuwa yameshafika kabla yake, yakisemwa na vijana wenye mashavu mekundu kwa baridi, kwa bidii, wakiwaelekea watu wa ng'ambo ili wasikie vizuri.

Tramu hazikuwepo kwa sababu ya maandamano. Alitembea mitaa kumi na minne juu ya barafu. Alipiga simu mara sita. Haikupokelewa. Ni yeye aliyeagiza isipokelewe.

Mlango wa buluu ulikuwa umefungwa vizuri, na kitasa hakikuvunjwa. Ndani, jiko lilikuwa limezimwa na sufuria imefunikwa. Viatu vya nje vya Mapendo havikuwepo, na koti lake lilikuwepo. Wilondja akaonja sombe, hakujua kwa nini. Ilikuwa na chumvi ya kutosha. Akakaa chini, sakafuni, karibu na jiko.

Jioni ile walikuja watatu, mmoja baada ya mwingine.

Wa kwanza alikuwa Bi Dorothea. Alishuka ngazi bila bakuli.

"Kosa ni langu, Bwana Wilondja," alisema. "Mimi ndiye niliyesema. Nilitaka wampende. Nilidhani wakimjua watampenda. Miaka arobaini nimewafundisha watoto wafikiri kabla ya kusema."

"Ulisema kwa upendo," akasema Wilondja.

"Na kwa anwani," akasema Bi Dorothea.

Wa pili alikuwa Renata, bado amevaa fulana ya njano ya wasimamizi.

"Kosa ni langu, kaka," alisema. "Sauti ya mama huyu haifiki hata mwisho wa meza. Angesema peke yake, upepo ungeyachukua maneno yake. Mimi ndiye niliyewapa watu mia sita amri ya kubeba kila neno bila kulipima. Nilitaka tusigawanyike. Hatukugawanyika. Tulimtoa kwa sauti moja."

Kisha akasugua macho, akasema, "Nimewauliza wa mbele wote. Hakuna aliyemjua mwanamke huyo wala hatari yake. Angekuwepo hata mmoja aliyejua, angepishanisha mikono, nasi tungekatika kwenye sakafu, kabla ya mlango. Lakini hakuwepo."

Bi Dorothea akamtazama Wilondja. "Wewe ulisimama wapi?" akauliza. "Nilipopanda nilikupoteza."

Wilondja akarekebisha kifuniko cha sufuria.

"Nyuma," akasema.

Wa tatu alibisha hodi kabla Wilondja hajaulizwa swali jingine. Alikuwa mwanamume mpana mwenye kofia mkononi: Duane Krebs, fundi wa mashine za kupasha nyumba joto. Majira ya baridi yaliyopita, Faila akiwa hai na Mapendo bado hajaja, alitengeneza mashine ya nyumba ile, na Faila akamlisha ndagala, dagaa wa ziwa la kwao.

"Niliwapigia maafisa simu," alisema mlangoni. "Nimekuja kusema usoni."

"Toka," akasema Renata.

"Nitatoka. Mtaa ule una milango ya buluu mitatu. Mimi niliujua wa mwalimu ni upi, nikawaambia. Sheria ni sheria, na naiamini. Leo asubuhi niliiamini. Lakini mke wako alinilisha samaki wenye macho, akanicheka nilipoyatoa macho na kuyaweka pembeni. Sikujua ni mdogo wake. Walipokwisha kumchukua ndipo nikakumbuka kwamba ndani ya mlango ule nililishwa. Kosa ni langu."

"Ungejua ni mdogo wake, usingepiga?" akauliza Bi Dorothea.

Krebs akaizungusha kofia mkononi. "Sijui," alisema. "Hilo ndilo linalonitisha."

Renata akasema kosa ni la huyu, mjadala umekwisha. Bi Dorothea akasema hapana, huyu alitumia alichopewa, na aliyempa ni mimi. Krebs akasema alikuwa na hiari ya kunyamaza kama wengine walivyonyamaza ng'ambo ile. Walibishana hivyo juu ya sufuria iliyofunikwa, kila mmoja akilivuta kosa upande wake, na kila mmoja mara kwa mara akimtazama Wilondja, kwa sababu yeye ndiye mwenye msiba, na mwenye msiba ndiye anayesamehe.

Wilondja hakusema kitu. Wakaondoka wakiuheshimu ukimya wake.

Kabla hajalala, mwanasheria wa wahamiaji, aliyekuwa amemwona Mapendo, alimpigia. Mapendo alikuwa kituo cha kizuizi, mwendo wa saa nne kwa gari. Hakuwa ameumizwa. Angerudishwa kwao ndani ya siku tisa, labda kumi. Mapendo aliuliza jambo moja tu: walijuaje mlango? Mwanasheria alisema atamuuliza tena Wilondja, kwani mteja wake analirudia swali hilo hilo.

Asubuhi yake, Jumapili, watu walikusanyika uwanjani kwa ajili ya Mapendo. Wilondja alikwenda. Njiani aliyapanga maneno yake kwa Kiingereza, sentensi tatu fupi, za kutosha pumzi moja kila moja. Renata alimwona, akawafanya watu wampishe, akampandisha juu ya kreti.

Vinywa mia sita vilimngoja. Ng'ambo walikuwepo wa bendera pia, wachache kuliko jana, na Krebs alisimama kando yao bila bendera. Bi Dorothea alikuwa safu ya kwanza. Wilondja akafungua kinywa, na hofu ikamshika pale pale ilipomshika jana. Sentensi zilitoka, lakini zilitoka kwa Kiswahili.

"Nilikuwa safu ya tatu," alisema.

Watu wakatazamana. Hakuna aliyeelewa. Lakini sheria ilikuwa sheria, na walikuwa wamedhamiria kumtendea mema. Nilikuwa safu ya tatu, wakasema mbele, wakijikwaa. Nilikuwa safu ya tatu, wakasema kati. Nyuma wakasema vizuri zaidi.

"Nilijua."

Nilijua, wakasema. Nilijua. Nilijua.

"Sikuinua mikono."

Sikuinua mikono, wakasema watu mia sita, wengine machozi yakiwatoka, na neno likavuka barabara mpaka kwa wale wa bendera.

Wilondja akashuka. Renata akamkumbatia.

"Maneno mazuri, kaka," alisema. "Yana maana gani?"

Wilondja akatazama barafu.

"Ni maneno ya msiba," akajibu.

Sasa ninyi mliosikiliza mpaka hapa mnakijua Kiswahili, nanyi mmeelewa alichokisema mtu yule. Yupo aliyesema, yupo aliyefundisha kurudia, yupo aliyepiga simu, na yupo aliyejua akanyamaza, kisha akakiri mahali ambapo hakuna awezaye kumwelewa. Mwanamke yuko kizuizini, siku zinahesabika, na bado anauliza. Je, nani alimtoa Mapendo?