Mhuri wa Bwana Semkiwa

"Sanduku hilo litapakiwa pamoja na mizigo mingine," alisema Bwana Semkiwa, mkuu wa zamu katika uwanja wa ndege, ambaye tumbo lake lilifika kazini kabla yake.

"Huko chini litavunjika, bwana mkubwa," alisihi Mzee Makame, mpiga taarabu.

"Kanuni ni kanuni. Haivunjwi."

"Hata na wapakizi?"

"Na yeyote."

"Basi niandikie. Mie mtu wa shamba, nasahau."

Semkiwa, aliyeipenda sahihi yake kuliko wanawe, akaandika: "Kanuni isivunjwe. Itangulie abiria wote." Akagonga mhuri.

Kwenye ngazi ya ndege, Makame alimpa mhudumu karatasi, kisha akafungua sanduku. Ndani mlilala ala ya nyuzi sabini na nane.

"Ala hii ndiyo kanuni yenyewe, mwanangu. Nionyeshe kiti cha mbele."