Nakala ya Talaka ya Mashavu

Aliyekisimulia kwanza kisa hiki ni Bi Tatu binti Kombo, mwaka 1974, katika arobaini ya mumewe.

Mashavu alikuwa amechumbiwa, lakini imamu aligoma kumwozesha mpaka aione nakala ya talaka ya ndoa yake ya kwanza. Akaenda mahakamani. Karani Mhando alikuwa rafiki wa Bwana Shebe, mtalaka wake tajiri, aliyeapa kwamba Mashavu haolewi tena. Mhando hakuinuka hata kitini.

"Faili halipo, dada. Limeliwa na mchwa."

"Wameshiba lakini?"

"Nenda nyumbani."

"Haya, kaka. Basi niandikie kwamba talaka yangu haionekani, unigongee na muhuri."

Mhando akaandika huku akicheka.

Kesho yake asubuhi Mashavu alibisha hodi kwa Bwana Shebe, godoro kichwani. Akafungua mke mpya, Bi Jokha, mwanamke aliyeogopwa hata na mbwa wa mtaa.

"Hujambo, mke mwenzangu? Mahakama haioni talaka yangu, muhuri huu hapa. Zamu tuzipangeje? Mimi ndiye mkubwa, ila sina haraka."

Jokha akasoma, akageuka ndani.

"Shebe! Si uliniambia umemwacha?"

"Nimemwacha, wallahi!"

"Karatasi iko wapi?"

Adhuhuri haijaadhiniwa, Bwana Shebe akarudi kutoka mahakamani mbio, kanzu imejaa vumbi, nakala mkononi.

"Chukua, uondoke!"

Mashavu akaisoma yote, kisha akajitwika godoro lake.

"Ahsante, Bwana Shebe. Harusi ni Ijumaa, mje wote wawili."

Katika hao, walio hai ni Mashavu na Bi Jokha tu.