Swali la Wembe

Wako watu wanaoliogopa swali kuliko wanavyoogopa kushindwa. Kwao, anayeuliza amekwisha kujivua nguo hadharani. Amekiri kwamba kichwani mwake mna pengo. Mmoja wao alikuwa msichana wa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha ualimu, ambaye wenzake walimpachika jina la Wembe kwa sababu ya ukali wa ulimi wake.

Jina hilo lilimkaa kama nguo ya kupimiwa. Katika chama cha mijadala hapakuwa na aliyewahi kumshinda. Hoja hakuijibu, aliikata, akamkata na mwenye nayo, ukumbi ukacheka hadi watu wakashika mbavu. Aliyenyolewa na Wembe hakusimama tena muhula mzima. Naye Wembe hakuwahi kumuuliza mtu swali, awe jukwaani au darasani.

Bwenini aliishi chumba kimoja na mwanariadha aliyeitwa Swala kwa mbio zake. Tangu mwaka wa kwanza walikuwa chanda na pete. Walichangia ndoo, pasi, hata kandambili. Swala akirudi mazoezini alikuta maji yake yamekwisha kutekwa. Wembe akiumwa, chai yake ililetwa kitandani.

Uhasama uliletwa na tangazo. Uongozi wa chuo ulikusudia kujenga bweni jipya juu ya kiwanja cha michezo, na kiwanja chenyewe kilikuwa hicho kimoja tu. Mkuu wa Chuo akawataka wanafunzi walijadili jambo hilo kwanza. Mara chuo kikapasuka vipande viwili kama tikiti lililoanguka. Watetezi wa kiwanja waliwaita wenzao vibaraka, na watetezi wa bweni wakawaita wale watoto wa kuchezacheza. Mabango yalichanwa. Marafiki walihamia meza mbalimbali bwaloni. Vijana wawili walishikana mashati kwenye foleni ya chakula, mmoja akatoka na jino lake mkononi.

"Mkishindwa kuzungumza kama watu," Mkuu wa Chuo aliwaonya, "chama cha mijadala nakifunga, na uamuzi nitautoa peke yangu."

Lililowashangaza wengi ni kwamba Swala, ambaye kiwanja kile kilikuwa pumzi yake, alijiandikisha kutetea bweni. Wembe, ambaye hakukimbia hata mvua ilipomnyeshea, alijiandikisha kutetea kiwanja.

"Wamekununua," Wembe alimwambia chumbani, bila hata kumtazama.

"Nisikilize kwanza, mwenzangu. Kuna jambo…"

"Jambo lako kaliseme jukwaani. Nitakujibu hukohuko."

Kesho yake Swala alijaribu tena, akakatizwa tena. Baada ya hapo hawakusemezana. Kila mmoja alivaa nguo zake ameuelekea ukuta.

Siku ya mjadala ilipofika, ukumbi ulijaa pomoni, wengine wakaketi madirishani. Mkuu wa Chuo alikaa mstari wa mbele, mikono ameikunja kifuani. Swala ndiye aliyeanza. Alisema wanafunzi waliopanga vyumba nje ya chuo wanateseka, na kwamba kitanda hutangulia mpira.

"Msaliti!" alipaza sauti kijana mmoja mrefu aliyeegemea mlango.

"Rudisha viatu vya kukimbilia!" mwingine akadakia.

Sauti ya Swala ikapasuka. Alimaliza upesi, akaketi.

Wembe akasimama. Vijembe vyake alikuwa amevinoa wiki nzima.

"Ndugu mwenyekiti," alianza, "niliambiwa yupo samaki anayelalamika kwamba maji yanamlowesha. Nikadhani ni uzushi. Leo nimemwona kwa macho yangu."

Ukumbi ulilipuka kwa vicheko. Kijembe cha pili kilikuwa kwenye ncha ya ulimi, na kilikuwa kikali kuliko cha kwanza. Kama desturi yake, Wembe aligeuka kumtazama mpinzani kabla ya kumaliza kazi. Alitazamia kuona hasira. Aliona mtu aliyeinamisha kichwa na kukaza mabega, kama mgonjwa anayengoja kuchomwa sindano.

Ndipo wazo likamwingia. Huyu ndiye anayeamka kabla ya jua akakimbie. Kiwanja kikiondoka, yeye ndiye atakayepoteza kuliko sote. Kwa nini, basi? Wembe alitafuta jibu kichwani mwake, akakuta vijembe vitupu. Alitambua kwamba alitaka kujua, alitaka kweli, jinsi mwenye kiu anavyotaka maji.

"Ndugu mwenyekiti," alisema, sauti yake imekuwa ndogo ghafla, "naomba… naomba kumuuliza mwenzangu swali. Swala, kwa nini?"

"Mmalize!" watu walipiga kelele. "Ah, Wembe umeshika kutu!"

Wembe alihisi masikio yakimwaka moto. Akapiga moyo konde. "Sababu yake siijui," alisema. "Nataka niijue."

Swala aliinua uso taratibu. "Yupo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyekosa kitanda," alisema. "Amepanga huko mbali, nyuma ya gereji. Kwa kuogopa kutembea gizani, huondoka kabla ya kipindi cha mwisho. Mwalimu anamwita mtoro. Ameniambia muhula huu ukiisha, harudi tena. Jina lake amenikataza kulitaja."

Nyuma ya ukumbi msichana mmoja mwembamba akasimama. "Ni mimi," alisema. "Huyu ni dada yangu, tumezaliwa tumbo moja. Nilimkataza kwa sababu naona aibu."

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama. Wembe alimtambua msichana yule. Mara nyingi alimkuta chumbani kwao amekuja kuoga, wakasalimiana, naye Wembe hakuwahi kumuuliza anakaa wapi.

"Sasa na mimi nikuulize," Swala alisema. "Pilipili usiyoila yakuwashia nini? Kiwanja hukikanyagi!"

Watu wakacheka, lakini kicheko hiki hakikuwa na sumu.

"Nakikanyaga," Wembe alijibu. "Jumapili mchana, mkiwa mmelala. Utotoni nilikuwa na kigugumizi. Siku moja niliuliza swali darasani, neno la kwanza likanikwama, na darasa zima likaniigiza mpaka kengele ikalia. Sijauliza tena tangu siku ile. Nilipofika hapa nikawa naenda kiwanjani peke yangu kuzungumza na magoli. Pale ndipo ulimi wangu ulipofunguka. Chumbani nisingethubutu, ungenisikia."

Swala alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza wanajuana.

Baada ya hapo udadisi uliwaingia watu wote kama harufu ya mvua. Kijana mrefu aliyepiga kelele mlangoni ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Alitaka kujua waliopanga nje ni wangapi. Mikono iliyoinuka ilikuwa mingi kuliko alivyodhani yeyote, akiwamo Mkuu wa Chuo. Mwingine akauliza kama hakuna mahali pengine pa kujenga.

"Papo pale penye ghala bovu, nyuma ya karakana," Mkuu alijibu. "Lakini fedha za kulibomoa hatuna."

"Na tukilibomoa wenyewe?"

Mkuu alikikuna kidevu. "Bweni la pale litakuwa dogo. Halitawatosha wote."

Walibishana mpaka jua likazama. Wapo ambao hawakubadili msimamo hata chembe, ila hapana aliyezomewa, na aliyekatizwa aliombwa radhi. Walipotoka, Swala alimwambia Wembe, "Bado nakupinga."

"Najua. Twende, unieleze njiani."

Bodi ya chuo ililikubali pendekezo la ghala. Jumamosi kadhaa wanafunzi walishika nyundo na sururu, wa bweni kwa wa kiwanja, vumbi likawafanya wote rangi moja. Hata hivyo, ujenzi ungechukua zaidi ya mwaka, na mdogo wake Swala alikuwa amekwisha kufunga sanduku. Alipokuja kuaga, Wembe alimshika mkono yeye na dada yake, akawapeleka ofisini kwa mlezi wa bweni. Mlezi huyo alikuwa mama mkali, wasichana wakiona kivuli chake hubadili njia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nyinyi mna nini tena?"

"Nimekuja kuuliza, mama. Chumbani kwetu kuna nafasi pembeni, chini ya dirisha. Inaruhusiwa kuweka kitanda cha tatu?"

Mlezi alivua miwani, akawatazama mmoja mmoja. "Mtabanana."

"Tutabanana, mama."

"Vitanda vimejaa stoo tangu nihamie hapa. Nilidhani wasichana wa siku hizi hamtaki kubanana. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Walikibeba watatu, kikigonga kuta za ngazi, msichana mdogo akitangulia kinyumenyume.

"Wakati wote ule," alisema huku akihema, "kitanda kilikuwa stoo?"

"Stoo," Wembe alijibu. Alicheka mpaka nguvu zikamwishia, ikabidi wakitue chini kwanza. Waliosema kuuliza si ujinga hawakukosea.